Udongo wa tungule za kwenye ndoo: kinongo peke yake hakitoshi

Wengi wanaopanda tungule kwenye ndoo au polo hapa Unguja na Pemba hujaza kinongo kitupu, yaani udongo wenye rutuba wa mashambani, kwa kuwa huko kinastawisha kila kitu. Ndani ya ndoo mambo hugeuka. Kikimwagiliwa kila siku katika nafasi finyu, kinongo hushikana, maji husimama, mizizi hukosa hewa na kuoza. Majani ya chini yakigeuka manjano mkulima hudhani mbolea imepungua, akazidisha, na mche ukafa haraka zaidi.

Changanya madebe 2 ya kinongo, debe 1 la mboji iliyoiva na debe 1 la unga wa makumbi ya nazi. Hapo utapata ndoo tatu na ushei za lita 20, na kila ndoo ni ya mche mmoja tu. Udongo wako ukiwa wa kichanga, ongeza nusu debe la mboji.

Unga wa makumbi ndio unaowaponza wengi. Ule unaobaki pwani baada ya makumbi yaliyofukiwa kupondwa kwa ajili ya kamba umejaa chumvi, na chumvi huunguza ncha za majani na kudumaza mche. Uloweke kwa maji matamu usiku mzima, uchuje, urudie mara tatu, kisha onja tone la maji ya mwisho. Yakiwa bado na chumvi, rudia. Maji ya kisima cha karibu na bahari hayafai kwa kazi hii, na mchanga wa pwani usiutie kabisa.

Ukitia samadi ya ng'ombe, iache kwanza ioze angalau miezi mitatu. Ya kuku ni kali zaidi: ikiwa bado inatoa joto au harufu inayowasha pua, itaunguza mizizi. Hata ikiiva, isizidi sehemu moja kwa kumi ya mchanganyiko. Kwa udongo wa maeneo ya uwanda, yaani ya mawe ya matumbawe, majivu yaache. Chokaa iliyomo tayari kutokana na mawe hayo inatosha, na ikizidi, majani machanga hugeuka manjano huku mishipa yake ikibaki kijani.

Usichote udongo palipokuwa na tungule, bilingani, pilipili au mbatata. Mnyauko wa bakteria hukaa ardhini miaka, na hauna dawa ya kuponya mche. Mche ukinyauka ghafla ukiwa bado kijani, kata kipande cha shina karibu na ardhi, kining'inize kwenye gilasi ya maji safi, ncha iliyokatwa ikigusa maji. Ukiona nyuzi nyeupe kama maziwa zikiteremka baada ya dakika chache, ndio wenyewe. Udongo huo utupe mbali na bustani.

Ukiwa na shaka, pika kinongo kwa mvuke. Weka matofali ndani ya pipa, maji ya kina cha sentimita 10, wavu juu ya matofali, kisha udongo wenye unyevu kidogo. Zika katikati mbatata ya ukubwa wa yai, funika, koleza moto. Mbatata ikiiva, udongo umetosha. Mboji usiipike, ichanganye baadaye, udongo ukishapoa.

Toboa ndoo matundu sita hadi nane yenye upana wa kidole kidogo. Kokoto za chini ziache: hazisaidii maji kutoka, zinapunguza tu nafasi ya mizizi. Kabla ya kujaza, fumbata konzi ya mchanganyiko wenye unyevu kisha uguse kwa kidole. Donge likivunjika, uko sawa. Likibaki gumu, ongeza unga wa makumbi. Jaza hadi sentimita 3 chini ya ukingo, mwagilia, subiri udongo ushuke, ongeza tena.

Tungule zikianza kuoza kitako, usikimbilie maganda ya mayai, maana huchelewa mno kuoza. Mara nyingi sababu ni ndoo kukaushwa kisha kufurikishwa maji, hivyo kalsiamu haifiki kwenye tunda. Mwagilia kidogo kidogo, asubuhi, na jua likiwa kali jioni pia.

Msimu ukiisha na miche haikuugua, udongo huo uhamishie kwenye mchicha. Tungule zipate mpya.