Waporaji wa taji jukwaani: dhana potofu na ukweli

Eti wachawi ndio waliomtuma Macbeth aue

Katika *Macbeth*, tamthilia ya Shakespeare kuhusu jemadari wa Scotland anayemuua mfalme wake Duncan, wachawi hawakumtuma. Walimwambia tu kwamba atakuwa mfalme. Kuua hawakukutaja hata kwa fumbo. Wazo la mauaji linamjia Macbeth mwenyewe papo hapo, linamtisha, naye anajituliza kwamba kama bahati inamtaka awe mfalme, basi bahati na imvike taji bila yeye kuinua mkono. Banquo, jemadari mwenzake, naye alikuwepo. Alitabiriwa kwamba uzao wake utatawala, na hakumgusa mtu.

Eti mporaji hukalia kiti kwa nguvu ya upanga peke yake

Hapa ndipo Shakespeare husomwa vibaya zaidi. Macbeth anaua usiku, lakini taji halivai kwa kificho. Wana wa Duncan wametoroka, lawama zimewaangukia wao, na tunaambiwa Macbeth keshateuliwa na ameshika njia kwenda Scone, mahali pa kutawazia wafalme wa Scotland. Kuna watu waliomteua. Vivyo hivyo Claudius, ami yake Hamlet, katika *Hamlet*: sumu aliyomwaga sikioni mwa kaka yake haikumpa kiti moja kwa moja, kwa sababu Denmark ya tamthilia hiyo huchagua mfalme wake. Mara tu anapotokea jukwaani anawashukuru washauri kwa kuliafiki jambo lote. Karibu na mwisho Hamlet, mwana wa mfalme aliyeuawa, ananung'unika kwamba mtu huyu alijipenyeza kati ya uchaguzi na matumaini yake.

Richard III, katika tamthilia yenye jina lake, ndiye fundi wa mchezo huu. Mshirika wake Buckingham anawahutubia raia wa London ili wamtake Richard awe mfalme, nao wananyamaza, wanatazamana, nyuso zimewapauka. Wafuasi wake wachache mwisho wa ukumbi wanarusha kofia na kupiga kelele, sauti kama kumi hivi, na Buckingham anazishukuru kana kwamba ni za mji mzima. Kisha Richard anajitokeza katikati ya maaskofu wawili, kitabu cha sala mkononi. Anapewa taji, anakataa. Anabembelezwa, anakataa tena. Mwishowe anakubali kwa shingo upande. Watazamaji hucheka, na wana haki ya kucheka. Ila mimi kimya cha wale raia kinanitisha kuliko jambia lolote la Macbeth: wanajua wanachofanyiwa, na hakuna anayesema hapana.

Eti mporaji lazima aangamie

Macbeth, Claudius na Richard III waliangamia, ndiyo. Bolingbroke wa *Richard II* je? Alimng'oa Richard II mwaka 1399, akawa Henry IV, akafa kwa maradhi mwaka 1413. Deni lilibaki kwa mwanawe: katika *Henry V*, kabla ya vita vya Agincourt, kijana anamsihi Mungu asiikumbuke siku hiyo dhambi ya baba yake ya kulitwaa taji. Na vita anavishinda.

Antonio wa *The Tempest* ni mfano mgumu zaidi. Alimpora kaka yake Prospero utawala wa Milan, akamtupa baharini na mtoto mdogo. Mwishoni ananyang'anywa alichopora, lakini anasamehewa bila kuomba msamaha, na neno la toba halimtoki.

Eti ndivyo ilivyotokea

Duncan wa kweli hakuuawa kitandani akiwa mzee. Alikufa vitani mwaka 1040, bado kijana. Macbeth alitawala miaka 17 baada yake. Mifupa ya Richard III iliyofukuliwa Leicester mwaka 2012 ina uti wa mgongo uliopinda, lakini mkono uliokauka anaopewa na Shakespeare haukuwepo.

Eti yalikuwa maigizo tu, wakubwa hawakujali

Februari 1601, wafuasi wa Earl wa Essex waliwaongezea waigizaji shilingi 40 juu ya mapato ya kawaida ili wacheze kung'olewa kwa Richard II. Waigizaji walisita, wakisema tamthilia hiyo imeshachakaa na haitapata watazamaji. Walicheza. Kesho yake Essex alimwasi Malkia Elizabeth, akashindwa, na mwezi huohuo akakatwa kichwa. Waigizaji walihojiwa, wakaachwa. *Richard II* ya Shakespeare ilikuwa imeanza kuchapwa mwaka 1597, lakini sehemu ambayo mfalme anavua taji mbele ya bunge haikuonekana kitabuni hadi mwaka 1608, Malkia Elizabeth akiwa kaburini miaka mitano.