Je, wajua kwa nini nyumba ya mawe ya Lamu huwa baridi mchana?

Ukitoka kwenye jua la saa saba pale Mkunguni, mbele ya Ngome ya Lamu, ukaingia nyumba ya kale, mwili hupoa kabla hujavua viatu.

Kwa miaka mingi niliamini jibu ni jepesi: jiwe ni kitu baridi, tena linazuia joto. Yote mawili si kweli. Jiwe lililokaa kivulini lina joto lilelile la mlango wa mbao ulio kando yake. Kiganja hudanganyika kwa sababu jiwe hukinyang'anya joto upesi kuliko mbao. Na kitu kinachovuta joto upesi namna hiyo hakiwezi kuwa kizuizi chake kizuri. Makuti, yaliyojaa hewa baina ya majani, huzuia joto kuliko jiwe la unene uleule. Jiwe la matumbawe, ndilo lililojengea nyumba hizi, lina vitundu, hivyo lina afadhali kuliko jiwe lililoshikana, lakini bado ni jiwe.

Kazi ya ukuta ule ni kuchelewesha. Una unene wa karibu nusu mita. Fikiria mitungi 10 iliyopangwa ngazi kwa ngazi, wa juu ukijaa unamwagikia unaofuata. Jua linamimina katika mtungi wa kwanza tangu asubuhi. Wa pili haupati kitu hadi wa kwanza ujae. Wa tatu nao unaungoja wa pili. Matabaka ya ukuta ni vivyo hivyo: kila moja sharti lipate joto lenyewe ndipo lipitishe kwa jirani. Magharibi ikiingia, mmiminaji ameondoka na mitungi ya mwisho ingali mitupu. Hapo mfano unaishia, maana joto, tofauti na maji, huweza kurudi lilikotoka, na sehemu yake hutokea nje usiku.

Kwa unene huo, joto huchelewa saa 10 au zaidi. Ukuta wa bloku za inchi 6 hulichelewesha saa chache tu, na chumba huanza kuchoma alasiri ileile.

Hata hivyo, unene peke yake hautoshi Pwani. Jangwani usiku hupoa sana na ukuta hupumua, yaani hutoa joto lake nje. Lamu joto la usiku hushuka nyuzi chache tu, na hewa ina unyevu. Ndiyo maana vichochoro vyembamba vinavyozinyima kuta jua, chokaa nyeupe, na kiwanda, ule ua wa ndani unaotoa hewa ya moto juu, vina sehemu kubwa, ingawa hutofautiana nyumba kwa nyumba.

Tena joto lililocheleweshwa halipotei lote. Ukuta uliopigwa na jua la mchana, uguse kwa ndani saa nne usiku: una uvuguvugu. Saa hizo ndipo watu hupanda juu kabisa, chini ya makuti, ambako hakuna ukuta mnene wa kuwarudishia joto, na kaskazi inapita pande zote.