Je, wajua kwa nini JKT hutaka bukta isiyo na zipu?

Kila mwaka, wanafunzi wa kidato cha sita wakishamaliza mitihani yao, Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) hutangaza majina ya vijana wanaotakiwa kuripoti makambini kwa mafunzo ya mujibu wa sheria, yaani ya lazima kisheria, ambayo ni ya miezi 3. Pamoja na majina hutolewa orodha ya vifaa: bukta ya bluu iliyokolea yenye mpira kiunoni, isiyo na zipu, inayoishia magotini; fulana ya kijani; raba za michezo za kijani au bluu; shuka 2 za bluu bahari; soksi ndefu nyeusi; truksuti ya kijani au bluu; nguo za kuzuia baridi kwa watakaopangiwa mikoa yenye baridi; nyaraka za kuombea chuo; na nauli ya kwenda na kurudi. Sababu hazitajwi. Basi wazazi wengi hununua kwa kuangalia rangi tu, kama wanavyonunua sare za shule, na matokeo yake kijana huyaona wiki ya kwanza.

Bukta hiyo ndiyo ya kukimbilia, kurukia kichura, kutambalia na kulalia kifudifudi kwenye pushapu. Zipu na kifungo hukwangua tumbo kila mtu anapogusa chini, na zipu ikikatika hakuna fundi cherehani jirani. Mpira humfuata mtu mwili unapobadilika, maana wengi hupungua kiuno wiki za mwanzo. Urefu wa magotini una kazi yake pia: huzuia mapaja kusuguana. Paja likishachubuka kwa jasho na vumbi, kila hatua hutonesha kidonda. Chagua kitambaa chepesi kinachokauka upesi, na ukiweza nunua 2, kwa sababu hii itafuliwa karibu kila siku.

Shuka ni 2 ili moja ikiwa kwenye kamba, nyingine iwe kitandani. Rangi moja ni kwa ajili ya ukaguzi: hanga, yaani bweni la kambini, lina vitanda vingi, na afande anayepita mlangoni anatakiwa aone kwa mtupo mmoja wa jicho kitanda ambacho hakijatandikwa sawasawa. Zitie alama ya jina lako kwa wino usiofutika. Kwenye kamba yenye shuka nyingi za rangi ileile, isiyo na jina haina mwenyewe.

Nguo za baridi zisidharauliwe. Mafunzo huangukia Juni, Julai na Agosti, ambayo ni majira ya kipupwe. Mafinga, mkoani Iringa, iko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na kuamka huko alfajiri ya Julai si sawa na kuamka Ruvu, mkoani Pwani. Kijana wa Dar es Salaam akiona amepangiwa Mafinga au Itende, mkoani Mbeya, anunue sweta zito kabla ya viatu vya bei.

Sasa miguu, na hapa ndipo penye jambo kubwa kuliko yote. Mtu mwenye nguvu zake anaweza kuangushwa na nyayo na ugoko. Lengelenge hutokea pale ngozi inaposuguliwa ikiwa na unyevu: tabaka la juu huteleza upande mmoja, la chini hubaki, na maji hujaa katikati. Ndiyo maana soksi zinatakiwa ndefu. Shingo ya buti ni ya juu na ngumu, na soksi fupi huteremka na kujikunja kisiginoni, halafu ule mkunjo ndio unaokata. Nenda na jozi zisizopungua 4, kausha vidole kabla ya kuvaa, na lengelenge dogo usilipasue, kwa kuwa ngozi ya juu ndiyo bandeji yako. Raba mpya zianze kuvaliwa nyumbani wiki 3 au 4 kabla. Ukizifungulia kambini, zitakuzoea wewe ukiwa unachechemea.

Ugoko una hesabu yake. Mfupa unapopewa mzigo usiouzoea, mwili kwanza huondoa sehemu zilizochoka, kisha hujenga mpya iliyo imara zaidi. Kuondoa huchukua wiki chache, kujenga huchukua miezi. Kwa hiyo katikati hapo mfupa huwa dhaifu kuliko ulivyokuwa mwanzo, wakati mwenye mguu anajiona ameanza kuzoea. Nyufa ndogo za mfupa hutokea katika kipindi hicho, na wasichana wako kwenye hatari kubwa zaidi. Maumivu ya msuli huenea na hupungua ukinyoosha viungo. Maumivu ya mfupa hukaa sehemu moja unayoweza kuionyesha kwa ncha ya kidole, na huzidi kila ukikimbia. Hayo ya pili yapelekwe zahanati ya kambi siku hiyohiyo. Kuyaficha kwa kuogopa kuitwa mtegaji ndiko kunakogeuza mapumziko ya wiki chache kuwa mguu wa plasta.

Dawa bora ni kuanza mapema. Wiki 6 au 8 kabla ya kuripoti, tembea haraka nusu saa, siku 4 kwa wiki. Kisha changanya kutembea na kukimbia, ukiongeza kidogo kila wiki, hadi uweze kukimbia kilomita 5 bila kusimama.

Siku ya kambini huanza kabla jua halijachomoza: mchakamchaka, usafi, kifungua kinywa, kwata (mazoezi ya gwaride), masomo, kazi za shamba au za mikono, na kuhesabiwa jioni. Masomo ni pamoja na matumizi ya silaha ndogo, usomaji wa ramani, huduma ya kwanza na uzalendo. Chenja zinazoimbwa wakati wa kukimbia zina faida inayoonekana kwenye mapafu: anayeweza kuitikia bado anapata hewa ya kutosha, na kombania nzima, yaani kikosi kinachokimbia pamoja, ikinyamaza, anayeongoza anajua mwendo umezidi. Kwata nayo hudharauliwa na wageni. Kazi yake ni kumzoeza mtu kutii amri papo hapo na kujua alipo mwenzake bila kugeuka, na mazoea hayo ndiyo yanayotegemewa siku vijana hao wanapopelekwa kulenga shabaha kwa risasi za kweli.

Nyaraka za chuo zipo kwenye orodha kwa sababu dirisha la udahili na la mikopo ya HESLB, bodi ya mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu, hufunguka kijana akiwa bado kambini. Cheti cha kuzaliwa kikafanyiwe uhakiki RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo, kabla ya safari, na taarifa za mdhamini ziandikwe kamili. Anayesahau hili hurudi nyumbani na cheti cha JKT mkononi huku chuo kikiwa kimempita. Wenye ulemavu unaoonekana kwa macho hutakiwa kuripoti kambi ya Ruvu, Mlandizi, yenye miundombinu inayowafaa.

Kwa anayefikiria jeshi kama kazi ya maisha, inafaa ajue historia iliyofungua mlango huu. JKT lilianzishwa tarehe 10 Julai 1963. Januari 1964 askari wa Tanganyika Rifles, jeshi la nchi wakati huo, waliasi katika kambi ya Colito, ambayo leo ni Lugalo, wakidai nyongeza ya mshahara na kuondolewa kwa maofisa wa Kiingereza. Jeshi hilo likavunjwa. Lilipoundwa Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ), tarehe 1 Septemba 1964, vijana wa TANU na wa JKT walikuwa miongoni mwa waliochukuliwa kulijenga upya. Hadi leo matangazo ya kuandikisha askari wa JWTZ huulizia cheti cha JKT.

Lakini cheti si ajira. Mujibu ni miezi 3, kisha unarudi kwenye masomo. Wa kujitolea huomba kupitia ofisi za wilaya na mkoa, na mkataba wake ni miaka 2: baada ya mafunzo ya awali na kiapo, sehemu kubwa ya muda huenda kwenye ulinzi, kilimo, ufugaji, ujenzi na stadi za kazi. Matangazo yenyewe husema wazi kwamba JKT halitoi ajira. Wanaoumia ni walioingia kwa kuamini miaka 2 lazima iishie kwenye gwanda la JWTZ, wakaacha kujifunza useremala au umeme uliokuwa mbele yao. Ingia ukiwa umeshachagua stadi moja ya kutoka nayo.

Wanaochukuliwa na JWTZ huanza upya, wakiwa makuruta (askari wanafunzi) Kihangaiko, mkoani Pwani. Wanaotakiwa kuwa maofisa hupelekwa chuo cha kijeshi cha Monduli, mkoani Arusha. Fomu wala nafasi haiuzwi. Anayekupigia simu akitaka pesa ya kukuingizia jina, mwache na nenda kaangalie majina kwenye tovuti ya jeshi husika au ofisi ya mkuu wa wilaya.