Dawn Wiener si malaika: dhana potofu na ukweli kuhusu filamu ya Welcome to the Dollhouse

Mapema kabisa katika filamu hii, binti wa miaka 11 mwenye miwani anasimama na trei ya chakula kwenye bwalo la shule akitafuta pa kukaa. Viti vipo, ila kila anakotupa macho anakuta nyuso zinazomwonya asithubutu. Mwishowe anakaa. Haujapita muda, wasichana wa kikundi cha kushangilia timu wanamjia, wanamuuliza swali la kumdhalilisha, kisha wanalirudia neno moja la matusi kwa pamoja kama wimbo.

Huyo ndiye Dawn Wiener, mwanafunzi wa darasa la saba katika kitongoji cha watu wa tabaka la kati jimboni New Jersey, Marekani. Filamu iliandikwa na kuongozwa na Todd Solondz, mzaliwa wa jimbo hilohilo. Ilionyeshwa mara ya kwanza kwenye tamasha la filamu la Toronto, Kanada, mwaka 1995, na mwaka 1996 ikashinda tuzo kuu ya majaji katika tamasha la filamu la Sundance, Marekani. Imepita miaka mingi, na bado watu wanaizungumzia kwa namna zinazoniuma, kwa sababu wengi wanamwelewa vibaya mtoto yule. Nimeiangalia mara nyingi, na kuna dhana chache ambazo nadhani zinastahili kujibiwa.

"Mhusika ni mtoto, basi ni filamu ya watoto"

Hapana. Huko Marekani ilipewa daraja la R, yaani aliye chini ya miaka 17 haruhusiwi kuingia ukumbini bila mzazi au mlezi. Ina matusi, ina vitisho vya ubakaji, ina mtoto anayetekwa nyara. Mzazi anayetaka kuitazama na kijana wake aitazame kwanza peke yake.

"Ni vichekesho, kwa hiyo tunaalikwa kumcheka Dawn"

Hii ndiyo dhana iliyoenea kuliko zote, na chanzo chake ni neno lenyewe, vichekesho. Tumezoea kwamba kichekesho kina mtu wa kuchekwa, na ukimwona binti anayejikwaa, anayevaa vibaya na kusema maneno mahali pasipo pake, unadhani ndiye aliyewekwa pale kwa kazi hiyo. Solondz anaujua mtego huo, na sisi watazamaji ndio anaotutegea.

Angalia onyesho la mkanda wa video. Wazazi wa Dawn wamefanya sherehe ya kuadhimisha miaka 20 ya ndoa yao uani, na sherehe imerekodiwa. Baadaye familia inakaa sebuleni kuutazama mkanda. Kwenye picha, Dawn anaangukia ndani ya kibwawa cha plastiki cha watoto, nguo zote zinaloa. Sebule nzima inaangua kicheko. Dawn amekaa palepale, miongoni mwao, akijitazama akichekwa mara ya pili. Usiku, wengine wamelala, anaichukua kaseti na kuipondaponda kwa nyundo.

Mtazamaji wa kwanza aliyecheka alipoona anguko lile alikuwa na haki ya kucheka, kwani limepangwa lichekeshe. Lakini sekunde chache baadaye kamera inamwonyesha kwamba amekaa kochi moja na mama, baba, kaka na mdogo mtu. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Kinachochekwa hapo ni ile familia isiyoona inachokifanya, na sisi tuliojiunga nayo bila kutakiwa. Kicheko kinakuwepo kweli, ila kinakukwama kooni kabla hakijaisha, na aina hii ya sinema imeshikiliwa na uzi huo.

"Dawn ni mwathirika asiye na doa"

Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaoipenda filamu hii kwa huruma. Wanamtaka Dawn awe mwema kwa sababu ameonewa. Filamu inakataa, tena inakataa tangu mwanzo.

Baada ya lile tukio la bwaloni, Dawn anawakuta wavulana wakimpiga mtoto mmoja mdogo wa umbo. Anaingilia, anawaambia wamwache, kisha anamuuliza yule mtoto kama yuko salama. Mtoto anamgeukia na kumfukuza kwa lakabu ambayo shule nzima inamwita nayo, Wienerdog, jina la mbwa mrefu mwenye vijiguu vifupi, lililochomolewa kwenye jina la ukoo wake. Aliyepigwa sasa hivi anampiga aliyemwokoa. Hana kingine cha kujiinulia. Katika shule ile kuwa juu ya Dawn ndicho cheo cha mwisho kilichobaki, na yeye hataki kukipoteza kwa kuonekana naye.

Dawn anarudi nyumbani. Mdogo wake Missy, kipenzi cha mama, anacheza baleti kwa gauni lake la waridi. Neno gani linamtoka Dawn? Lilelile aliloimbiwa bwaloni. Amelibeba shuleni hadi nyumbani na kulitua kwa aliye mdogo kuliko yeye. Anaye pia Ralphy, mvulana jirani, ambaye ndiye mwanachama mwenzake wa pekee katika kile wanachokiita Klabu ya Watu Maalumu. Ralphy anamheshimu kwa dhati. Siku Dawn anapoona nafasi ya kupendwa na watu wakubwa zaidi, anamtupia Ralphy tusi ambalo bila shaka mtoto yule amelisikia sana shuleni, na urafiki unakufa hapo.

Anaukata kwa msumeno kichwa cha mwanasesere wa mdogo wake. Usiku ule wa kaseti anasimama kando ya kitanda cha Missy, nyundo mkononi, na kumwambia usingizini kwamba ana bahati sana. Halafu lipo kosa kubwa kuliko yote: mama anamwagiza amwambie Missy kwamba hatakuja kumchukua kutoka darasa la baleti, na Dawn, akiwa amekasirika, hafikishi ujumbe. Siku hiyo Missy anatekwa na jirani yao.

Watafiti wa uonevu shuleni wanalijua kundi hili vizuri. Dan Olweus, mwanasaikolojia aliyefanya kazi Norway na Sweden tangu miaka ya 1970, aliueleza uonevu kwa mambo matatu: unakusudiwa, unarudiwarudiwa, na nguvu za pande mbili hazilingani. Hilo la nguvu ndilo linaloeleza kwa nini mtoto mmoja anaweza kuonewa saa nne asubuhi na kuonea saa kumi jioni. Shuleni Dawn hana nguvu yoyote. Nyumbani, mbele ya Missy na Ralphy, anayo kidogo, na anaitumia jinsi alivyofundishwa. Kumfanya malaika ni kumnyima mtoto yule ukweli wake, na pia ni kuwaambia watoto halisi walioonewa kwamba watasikilizwa endapo tu hawana kosa.

"Watu wazima hawakujua"

Walijua. Maneno ya matusi yameandikwa kwenye kabati lake la shule, waziwazi, kila apitaye anayasoma. Darasani mvulana anaitolea macho karatasi yake ya mtihani, Dawn anasema, na adhabu inawapata wote wawili. Kwenye mkutano wa shule anatupiwa vikaratasi vilivyoviringwa kwa mate. Anapochoka na kurusha chake, kinampata mwalimu jichoni, na ghafla shule ina muda wa kushughulikia nidhamu. Wazazi wanaitwa. Dawn anajitetea kwamba alikuwa anajibu mapigo. Mama yake anamuuliza nani alimwambia ajibu mapigo.

Swali lile ndilo lililonifanya nisimamishe filamu mara ya kwanza nilipoitazama. Si kwamba mama anapenda binti yake ateswe. Amekuja shuleni kwa aibu na anataka aibu iishe, na njia fupi ya kuimaliza ni kumnyamazisha huyu aliye karibu. Nyumbani ni vivyo hivyo: Dawn anapokataa kukibomoa kibanda chake cha klabu ili kupisha sherehe, mama anakichukua kipande chake cha keki ya chokoleti na kuwagawia kaka yake Mark na Missy mbele yake. Hakuna anayepiga kelele mezani. Wanakula tu.

Na kuna wale wanaokaa pembeni. Uchunguzi uliofanywa Kanada kwa kurekodi watoto kwenye viwanja vya shule, na kuchapishwa mwaka 2001, ulikuta kwamba katika visa vingi vya uonevu watoto wengine walikuwepo wakitazama, na ni wachache walioingilia. Walipoingilia, zaidi ya nusu ya majaribio yao yalikatisha uonevu ndani ya sekunde 10. Katika filamu ya Solondz anayeingilia ni Dawn peke yake, na tumeshaona alilipwa nini.

"Brandon anampenda, hajui tu namna ya kusema"

Brandon McCarthy ndiye mvulana anayemtishia Dawn kwamba saa tisa alasiri, baada ya masomo, atambaka. Dawn anakwenda. Hafanyiwi hivyo. Wanaishia kuzungumza, baadaye kuna busu, na watazamaji wengi wanapumua na kuanza kuiita hadithi ya mapenzi.

Naelewa kinachowavuta. Brandon naye ana nyumba nzito, ana ndugu mwenye ulemavu wa akili ambaye anamlinda kwa ukali, na baada ya kufukuzwa shule anatoroka asipelekwe kwenye shule ya kijeshi. Ni mtoto aliyeumizwa. Lakini kitisho chake hakigeuki kuwa barua ya mapenzi kwa sababu tumejua machozi yake. Ninachokiona mimi ni binti ambaye kwa muda mrefu hakuna aliyemtafuta kwa lolote, kiasi kwamba hata kutishwa na mtu mmoja, kwa jina na kwa saa, kunafanana na kutafutwa. Hilo linatisha kuliko kitisho chenyewe. Brendan Sexton III anamwigiza mvulana huyu bila kumpamba, na ndiyo maana tunaweza kumhurumia na kumwogopa kwa pamoja.

"Haya yanamkomaza mtoto, akikua yanasahaulika"

Huko Uingereza watoto waliozaliwa wiki moja ya mwaka 1958 wamefuatiliwa na watafiti maisha yao yote. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2014 uliwaangalia walioonewa wakiwa na umri kati ya miaka 7 na 11. Walipofika miaka 45, waliokuwa wakionewa mara kwa mara bado walikuwa na hatari kubwa zaidi ya sonona na wasiwasi kuliko wenzao. Ripoti ya UNESCO ya mwaka 2019 nayo ilieleza kwamba takriban mwanafunzi mmoja kati ya watatu duniani alikuwa ameonewa na wenzake katika mwezi uliotangulia. Kwa hiyo Dawn ana wenzake wengi, na baadhi yao sasa ni wazee.

"Aliyeigiza lazima alikuwa mtu mzima"

Heather Matarazzo, aliyemwigiza Dawn, alizaliwa Novemba 1982, kwa hiyo filamu ilipoonyeshwa Toronto alikuwa na miaka 12. Hollywood imezoea kumpa mtu wa miaka ishirini na kitu sare ya mwanafunzi, na jicho letu limezoea pia, ndiyo sababu mtoto halisi anatushtua. Uigizaji huu ulimpatia tuzo ya Independent Spirit ya mwigizaji anayeanza.

"Mwishoni lazima mambo yanyooke"

Filamu za shule za Kimarekani zimetuahidi hivyo: binti anavua miwani, anabadili nywele, mvulana mrembo anamwona. Mvulana mrembo yupo hapa, anaitwa Steve Rodgers, mwimbaji wa bendi ya kaka yake Dawn, na hamwoni. Dawn anakwenda New York kumtafuta Missy, analala barabarani, na ndotoni kila mtu anamwambia anampenda. Anaamka. Anapiga simu nyumbani, anaambiwa Missy amepatikana.

Wengine wanaongeza kwamba hadithi ilifungwa kwa kifo. Ni kweli kwamba Palindromes, filamu ya Solondz ya mwaka 2004, inaanza na msiba wa Dawn. Lakini mwaka 2016, katika Wiener-Dog, yuko hai, mtu mzima, anaigizwa na Greta Gerwig, na anakutana tena na Brandon. Mwongozaji amempa hatima mbili na hajaifuta hata moja.

Katika filamu ya kwanza hakuna hata mojawapo ya hizo. Dawn anamuuliza kaka yake kama darasa la nane litakuwa afadhali. Mark, ambaye akili yake yote iko kwenye kuingia chuo kikuu, hamdanganyi: sekondari ya juu, anamweleza, watu bado watakutukana, ila si sana mbele ya uso wako. Kisha tunamwona Dawn ndani ya basi la shule, safari ya Disney World, Florida, amekaa miongoni mwa watoto walewale. Wanaimba wimbo wa shule. Naye anaimba.