Mhusika duara ni yupi? Maelezo kwa mifano ya filamu za mashujaa

Mwanafunzi wa kidato cha tatu hata ukimwamsha usiku wa manane atakukariria: mhusika bapa habadiliki tangu mwanzo hadi mwisho, mhusika duara hubadilika kulingana na mazingira. Anachukua alama zake mbili, anarudi kulala. Fasili hiyo si ya uongo, ila ni nusu. Nusu iliyoachwa ndiyo inayoeleza kwa nini filamu moja ya mashujaa ya kampuni za Marvel au DC unaikumbuka miaka kumi baadaye, na nyingine umeshaisahau kabla hujashuka kwenye daladala.

Mgawanyo huu ulienea katika uhakiki kupitia mwandishi Mwingereza E. M. Forster, katika mihadhara aliyoitoa Cambridge na kuichapisha mwaka 1927. Kwake, mhusika bapa ni yule unayeweza kummaliza kwa sentensi moja. Mfano wake ulikuwa Bi Micawber wa Charles Dickens, ambaye maisha yake yote kitabuni ni tamko moja: kamwe hatamwacha Bwana Micawber. Anasema hatamwacha, na kweli hamwachi, basi. Mhusika duara naye alimwekea mtihani wake: je, anaweza kutushangaza, na tukishashangaa tukakubali kwamba naam, mtu huyu kweli angefanya hivi? Asiyeshangaza kamwe ni bapa. Anayeshangaza bila kushawishi ni bapa anayejifanya duara.

Hawa wa mwisho ndio waliojaa kwenye filamu za mashujaa wa siku hizi, na kubadilika wanabadilika kweli. Filamu inaanza akiwa na kiburi, inaisha akiwa mnyenyekevu. Ukiuliza ni wapi hasa kiburi kilivunjika, unaonyeshwa jengo likianguka na muziki ukipanda.

Niseme pia kwamba ubapa si tusi. Filamu ya saa mbili haiwezi kumchimba kila mtu, na wahusika wengine kazi yao ni kuwa kitu kimoja tu na kukifanya vizuri. J. Jonah Jameson, mhariri wa gazeti kwenye Spider-Man za Sam Raimi, anafoka, anadai picha, anabana malipo. Angeanza kutafakari maisha yake, tungepoteza raha yote. Hata Joker, adui wa Batman katika The Dark Knight (2008), ni bapa, tena kwa makusudi. Makovu ya mdomoni anamsimulia mtu mmoja kwamba yalitokana na baba yake, kisha anamsimulia mwanamke aitwaye Rachel hadithi nyingine kabisa, ya mke. Filamu inakataa kumpa historia. Yeye ni wazo moja linalotembea, na Heath Ledger alilitembeza kwa namna iliyompa Oscar akiwa ameshafariki. Aliyebeba uduara pale ni Harvey Dent, mwendesha mashtaka safi anayeishia kumwelekezea bastola mtoto. Joker ni jiwe la kunolea, Dent ndiye kisu.

Uduara wenyewe unaonekanaje basi? Tuchukue Spider-Man 2 ya mwaka 2004, tena tumwache Peter Parker, yaani Spider-Man mwenyewe, pembeni. Tumtazame May, mjane wa Ben, ami yake Peter, aliyemlea Peter tangu utotoni. Kwa dakika nyingi anaonekana bapa wa kawaida: bibi mpole, mwenye mausia. Lakini kuna mahali mapema kwenye filamu, siku ya kuzaliwa ya Peter, ambapo deni la nyumba limemkaba na bado anamshikisha kijana dola 20. Peter anasita. May anamfokea achukue, kwa ukali ambao hatukuutarajia, kisha anaangua kilio. Onyesho linapita, na wengi hawaliwekei maanani.

Baadaye wanakaa mezani wawili. May anajilaumu kwa kifo cha mumewe. Peter anashindwa kuvumilia, anamweleza ukweli: mwizi aliyemuua Ben alipita mbele yake, angeweza kumzuia, akamwacha apite kwa sababu ya kisasi kidogo cha pesa. Anamshika mkono. May anautoa mkono wake taratibu, anainuka, anapanda ngazi kwenda chumbani bila kusema neno. Hakuna kukumbatiana wala maneno ya kwamba si kosa lako mwanangu. Tulimtegemea asamehe papo hapo, kwa sababu mabibi wapole wa sinema ndivyo wafanyavyo. Tunashtuka, lakini hatuwezi kusema haiwezekani, maana ukali ule tuliuona siku ya zile dola 20. Baadaye kabisa, akifunga mizigo ya kuhama, ndipo anarudi kwa Peter na msamaha, na msamaha huo una uzito kwa sababu ulimgharimu muda.

Jumla ya dakika za May kwenye skrini ni chache. Kumbe wingi wa dakika hauumbi duara. Kinachomuumba ni uamuzi wenye gharama, ulioandaliwa mapema bila sisi kutambua.

Kuna njia ya mkato ambayo waandishi wa skripti wameizoea: historia ya huzuni. Adui anapewa mama aliyekufa, kijiji kilichochomwa, binti aliyepotea, na sisi tunaambiwa sasa ana kina. Historia inaeleza mtu ametoka wapi. Haitoshi kutuonyesha atafanya nini kesho akibanwa. Malekith, adui wa filamu ya Thor: The Dark World (2013), ana historia ya maelfu ya miaka na taifa zima lililoangamia, na bado sijakutana na mtu anayemkumbuka kwa jambo lolote zaidi ya uso mweupe.

Erik Killmonger, adui wa filamu ya Black Panther (2018), anazungumzwa sana, na kwa haki. Baba yake aliuawa Oakland, Marekani, na mfalme wa Wakanda, nchi ya kubuni ya Afrika, aliyekuwa ndugu wa damu wa baba huyo, na mtoto akaachwa hapohapo. Hiyo ni historia. Uduara unakuja anapokunywa dawa ya mizimu. Tunategemea atakutana na wahenga kwenye mbuga kama T'Challa, mfalme na stelingi wa filamu. Yeye anajikuta kwenye nyumba ileile ya Oakland, anakuwa mtoto tena, na baba anapomuuliza kwa nini hamlilii, anajibu kama mtu mzima wa mtaani kwamba watu hufa, ndivyo maisha ya huku yalivyo. Michael B. Jordan anacheza hapo bila ngumi hata moja, na mtu mzima unamwelewa. Hata anapoagiza bustani ya mmea wa dawa hiyo ichomwe nawaamini waandishi, kwa kuwa baadaye tunaambiwa alifunzwa jeshini kuvuruga nchi wakati madaraka yanapobadilishana mikono. Ila kumkaba koo yule mama mzee wa bustanini naona ni hila. Skripti iliogopa kwamba tutamfuata Killmonger, ikamwongezea uovu wa bei rahisi.

Jambo linalosahauliwa kwenye filamu hiyo ni kwamba stelingi naye ni duara. Tumekua tukijua stelingi hafi, na kwa kawaida habadiliki pia, maana yeye ndiye aliye sahihi tangu mwanzo. T'Challa anarudi kwa wahenga mara ya pili na kumwambia baba yake na wazee wote waliosimama pale kwamba walikosea kuufungia ulimwengu mlango. Kwa mfalme aliyeanza filamu akimlilia baba huyohuyo, hilo ni tendo zito kuliko pigano lolote. Nakia, aliyechezwa na Lupita Nyong'o wetu, alikuwa akimwambia hayo tangu mapema. Nakia mwenyewe habadilishi msimamo hata kidogo, na hapungukiwi kitu. Halafu filamu inatupeleka chini ya ardhi, mavazi mawili ya picha za kompyuta yanapigana gizani, na hoja yote tamu inaamuliwa kwa makucha.

Jaribio la haraka, kama unataka kumpima mhusika bila nadharia nyingi: sikiliza mazungumzo ukiwa umefumba macho na sauti za waigizaji umezisahau. Unajua nani anasema? Iron Man ya 2008 iliyoongozwa na Jon Favreau ilimpa Tony Stark ulimi wa kejeli, na mengi kati ya yale mazungumzo yalibuniwa wakati wa kupiga picha. Ulimi ule ulikuwa wa Tony, namna yake ya kukwepa kusema anaogopa. Ukapendwa. Miaka kumi baadaye karibu kila mtu, daktari, mchawi, mwizi, mungu wa radi, anatoa kejeli ileile kwa mdundo uleule, na mara nyingi sekunde mbili tu baada ya mtu kufa.

Tatizo kubwa zaidi, nionavyo, liko nje ya skripti moja moja. Mashujaa hawa ni mali inayotakiwa kuuzwa tena mwakani, na mali hiyo inapita mikononi mwa waandishi tofauti. Thor, yule mungu wa radi, ndiye shahidi wangu. Katika Thor: Ragnarok ya Taika Waititi (2017) ananyang'anywa nyundo, anapoteza jicho, anaachia mji wa mababu uteketee ili watu wake wapone. Baba yake anamuuliza kama yeye ni mungu wa nyundo au vipi, na swali hilo ndilo filamu nzima: nguvu ilikuwa ndani yake siku zote. Miezi michache tu baadaye, katika Avengers: Infinity War (2018), anapewa jicho jingine kiganjani kama mtu anayepewa chenji, kisha anasafiri kwenda kufuliwa shoka kwa sababu bila silaha hawezi kumkabili adui mkuu, Thanos. Wale waliolipa tiketi kumwona akijifunza walidhulumiwa. Mabadiliko yapo, tena kila filamu, lakini yanafutwa ili inayofuata ianze upya.

Mfululizo huohuo lakini umewahi kufanya kinyume, kwa mtu ambaye hakuna aliyemtarajia. Nebula alianza mwaka 2014 kama binti mwenye hasira wa adui huyohuyo Thanos, bapa wa kutupwa, anayemalizika kwa sentensi moja: anamchukia dada yake. Hatua kwa hatua tukaelewa kwamba Thanos alikuwa akiwapambanisha mabinti wale, na kila Nebula aliposhindwa alikatwa kiungo na kuwekewa chuma. Mwanzoni mwa Avengers: Endgame (2019) yuko na Tony Stark kwenye chombo kilichoishiwa mafuta angani, wanacheza mchezo wa kufyatua kikaratasi mezani. Anashinda. Tony anampa mkono, anamuuliza kama amefurahi, na yeye, ambaye kushindwa kwake kumekuwa kukatwa mwili, anajibu kwamba ilikuwa raha. Ndiyo maana baadaye, Nebula wa 2014 anapoletwa na safari ya wakati na kusimama mbele yake, sura ileile, historia ileile, bastola mkononi, tunajua ni mtu mwingine kabisa. Anamsihi, anamwambia inawezekana kubadilika. Yule wa zamani anajibu kwamba baba hatamruhusu. Wa sasa anafyatua. Waandishi wa filamu hiyo ni Christopher Markus na Stephen McFeely, haohao waliomrudishia Thor jicho.