Alizeti mwitu haitengenezi mbolea, inaihamisha

Ukipita njia za Maseno, Vihiga au Kakamega, magharibi mwa Kenya, utaikuta imejipanga kwenye mipaka ya mashamba: kichaka kirefu kuliko mtu, maua ya manjano mapana kama kiganja. Mabwana shamba huiita tithonia. Wengi tunaijua kama alizeti mwitu. Imezoeleka mno hata watu huapa kwamba ni mmea wa hapa tangu zama za mababu. Asili yake ni Meksiko na Amerika ya Kati. Huku ililetwa kupamba bustani, ikatoroka. Wala si alizeti ya mafuta iliyogeuka pori. Ni ndugu wa ukoo mmoja, ila hii huishi miaka mingi na shina lake hukomaa likawa gumu kama mti.

Dhana inayowaumiza wakulima zaidi ni kwamba alizeti mwitu hutengeneza nitrojeni kama maharage. Maharage yana vinundu mizizini, na ndani yake bakteria wanaonasa nitrojeni ya hewani. Ng'oa alizeti mwitu, osha mizizi, tafuta: kinundu hata kimoja hakuna, kwa kuwa si jamii ya kunde. Inachojua sana ni kunyonya virutubisho ardhini na kuvilimbikiza majanini. Kilo 100 za majani makavu hubeba takriban kilo 3.5 za nitrojeni, kilo 4 za potasiamu na gramu 370 za fosforasi. Ndiyo maana watafiti wa magharibi mwa Kenya waliishughulikia sana miaka ya 1990. Lakini ulichokata mpakani kimetoka kwenye udongo wa mpakani. Ukivuna ua huohuo wa mpakani kila msimu bila kuurudishia chochote, nao utadhoofika.

Basi je, mtu aache kununua mbolea dukani? Tupige hesabu. Majani mabichi ni maji kwa karibu asilimia 80, kwa hiyo tani moja mbichi hukupa kilo 200 kavu: nitrojeni kama kilo 7, fosforasi haifiki kilo moja. Mfuko wa kilo 50 wa DAP, mbolea ya dukani ya kupandia, una nitrojeni kilo 9 na fosforasi kama kilo 10. Kwa nitrojeni majani yanajitahidi kweli, na potasiamu yanatoa ambayo DAP haina kabisa. Kwa fosforasi, ambayo ndiyo njaa kubwa ya mashamba mengi ya huko, hayatoshi. Yachanganye na TSP kidogo, mbolea ya dukani ya fosforasi.

Halafu kuna jasho. Kiwango kilichozoeleka kwenye majaribio ni tani 5 kavu kwa hekta, yaani tani 25 mbichi. Robo ekari tu inataka tani 2.5, sawa na mizigo 100 ya kichwani ya kilo 25. Kwa mahindi sikushauri ujichoshe hivyo. Kwa tuta la sukuma wiki au nyanya, lililo hatua chache kutoka kwenye ua, kazi hiyo inalipa.

Wengine hufukia mashina mazima wakidhani yote ni mbolea. Shina gumu huoza polepole, na likioza hushindana na mazao kwa nitrojeni. Chukua majani na ncha laini, katakata, changanya na udongo siku hiyohiyo. Huanza kuoza ndani ya wiki moja, mbili.

Kuhusu malaria: ni kweli maji yake machungu hunywewa kama dawa, na maabara imeona kemikali zake zikiathiri vimelea. Lakini panya waliopewa dozi kubwa walidhurika ini na figo. Homa ikapimwe zahanati.

Na wanaosema haipandwi, inajiotea tu, wamezoea kuiona porini. Ukitaka ua wako mwenyewe, kata vipande vya shina lililokomaa, sentimita 20 hadi 40, uvichomeke kwenye udongo wenye unyevu kabla havijakauka. Mbegu nazo huota, ila zifukie juujuu. Hatari yake iko hapohapo, maana mbegu ni nyingi na nyepesi. Uganda, Rwanda na Tanzania imeshavamia malisho na kingo za barabara. Mimi hukata inapoanza kutoa vitumba, majani yakiwa bado laini na mbegu hazijafungika.