Nani kamvika nani ngozi? Wanyama katika chapa za sanaa ya mtaani

Ukitaka kuelewa kwa nini kuta za miji zimejaa panya, sokwe na tumbusi, anza na punda wa Goya, mchoraji wa Hispania. Mwaka 1799, huko Madrid, Goya alitoa seti ya picha 80 zilizochapwa kwa mabamba ya shaba, Los Caprichos. Kuanzia bamba la 37 hadi la 42, punda ndio wenye mji: mmoja ni mwalimu anayemsomesha punda mwenzake, mwingine ni tabibu aliyemshika mgonjwa mkono kupima mapigo, na katika la mwisho wanaume wawili wamepinda migongo, wamebeba punda. Hakuna mkubwa aliyetajwa kwa jina. Hata hivyo seti ziliondolewa sokoni upesi, na mwaka 1803 Goya alimkabidhi mfalme mabamba yote pamoja na seti 240 zilizobaki.

Nguvu ya picha hizo ni nguvu ya fumbo. Mkubwa anayetaka kulalamika lazima kwanza asimame hadharani aseme, "Yule punda ni mimi." Sisi tuliokuzwa na hadithi za sungura na fisi tunaijua mbinu hii tangu utotoni. Mchapaji anaongeza kitu ambacho msimulizi hana, nacho ni nakala. Picha moja hufutwa kwa brashi na ndoo ya chokaa. Nakala mia zilizobandikwa usiku mmoja humchosha mfutaji.

Lakini mnyama hachaguliwi ovyo. Nimeona wachapaji wachanga wakimchora dikteta kama simba mwenye meno yanayodondosha damu, kisha wakashangaa kwamba picha haiumi. Itaumaje, wakati simba ni sifa? Dikteta angeitundika sebuleni kwake. Wasanii waliofanya kazi na mwanaharakati Boniface Mwangi jijini Nairobi mwaka 2012 walikuwa na jicho kali zaidi: walimchora mwanasiasa ukutani kama tumbusi aliyevaa suti. Tumbusi hasumbuki kuwinda. Anasubiri kitu kife, kisha anashiba. Shtaka zima limo katika mdomo ule uliopinda, na suti inaonyesha lipelekwe kwa nani.

Panya ni habari nyingine, na ndiye nimpendaye kuliko wote. Blek le Rat, msanii wa mtaani wa Ufaransa, alianza kumpulizia kwa rangi kwenye kuta za Paris mwaka 1981, akieleza kwamba panya ndiye mnyama pekee aliye huru mjini. Huyu hakuchorwa kumtukana adui. Huyu ni msanii mwenyewe: anatoka usiku, hatakiwi, haombi kibali, akifukuzwa anarudi. Baadaye Banksy, msanii wa mtaani wa Uingereza, naye akampokea, akamvisha mkufu na kumpa bango ashike.

Kuna sababu ya kiufundi pia ya kumchagua panya, na haisemwi vya kutosha. Stensili hukatwa kwenye karatasi ngumu au plastiki, na rangi hupita pale palipokatwa. Kipande chochote kinachotakiwa kubaki bila rangi katikati ya uwazi lazima kishikiliwe na kijidaraja, la sivyo kinadondoka. Uso wa binadamu una visiwa vingi vya namna hiyo: weupe wa jicho, mng'ao wa pua, meno. Ukikosea madaraja mawili tu, sura imepotea. Panya anatambulika kwa kivuli chake: mgongo wa mviringo, sikio, mkia. Kipande kimoja, sekunde chache za kupuliza, na wewe umeshakata kona. Msanii akihamia kwenye uchapaji wa skrini, yaani kusukuma wino kupitia wavu wa kitambaa, madaraja hayahitajiki tena, kwa kuwa wavu huo hushikilia kila kisiwa mahali pake. Ila zitazame chapa za Banksy za mwaka 2003 na 2004: mwonekano wa stensili umeachwa makusudi, ili karatasi ikumbuke haraka ya ukutani.

Kwa sokwe wake nina mawazo mawili. Mwaka 2002, kwa ajili ya klabu moja ya usiku mjini Brighton, Banksy alichora sokwe aliyelegea mabega, bango limemning'inia kifuani: cheka sasa, ila siku moja sisi ndio tutakaoshika hatamu. Mwaka 2009 akaonyesha mjini Bristol mchoro wa bunge la Uingereza lililojaa sokwe, ambao mwaka 2019 uliuzwa mnadani kwa takriban pauni milioni 9.9. Yule wa kwanza ni mnyonge anayetoa onyo, na onyo lake linanikaa moyoni. Wale wa bungeni ni dhihaka nyepesi. Mbunge mwenyewe anaweza kuicheka akaendelea na kazi zake.

Hapa pana jambo nisilolifanyia mzaha. Kumgeuza mtu mnyama ni silaha ya zamani ya wauaji. Propaganda ya Wanazi iliwaonyesha Wayahudi kama panya. Nchini Rwanda, Watutsi waliitwa mende kabla ya mauaji ya kimbari ya 1994 na wakati yakiendelea. Kwa hiyo kila rasimu inayoletwa kwangu niichape naiuliza: ngozi hii kavikwa nani, na kavikwa na nani? Ikiwa mnyonge ameivaa mwenyewe, kama panya wa Blek, au mwenye madaraka amevikwa kwa tendo alilolitenda, naandaa skrini. Ikivikwa kabila, au wakimbizi, sichapi, mchoro uwe mzuri kiasi gani.

Wapo pia wanaolikataa fumbo lenyewe. ROA, msanii wa mtaani wa Ghent nchini Ubelgiji, huchora kwa rangi nyeusi na nyeupe wanyama wa eneo husika, wakubwa kama jengo, wengine wamelala, wengine wamekufa, mifupa na matumbo nje. Kwake ndege ni ndege, na anadai nafasi yake mjini.

Limebaki suala la karatasi. Chapa yenye namba na sahihi, kwenye karatasi nzito ya pamba, humlipia msanii kodi ya nyumba, na ninazichapa kwa moyo mweupe. Ila panya aliyefungwa ndani ya fremu hamsumbui mtu. Ndiyo maana nawashauri wasanii watoe matoleo mawili kutoka skrini ile ile: machache ya wanunuzi, na rundo kubwa kwenye karatasi nyembamba ya gazeti, la kubandikwa kwa gundi ya unga. Karatasi nyembamba hunywa gundi ikashikamana na mikwaruzo ya ukuta, hivyo ni vigumu kuibandua nzima. Nzito hujikunja kingo, ikavutwa yote kwa mkupuo mmoja. Kwa rundo hilo tumia wino mweusi peke yake, na uuache ukauke kabisa, maana gundi hupakwa hata juu ya picha na wino mbichi utachuruzika.